Simu porini: tusichanganye setilaiti na minara

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji nichangie mjadala ulioanza humu wiki chache zilizopita kuhusu watembeaji wa porini na wapanda milima wanaoacha vifaa vya GPS vya mkononi, vile vinavyokuonyesha mahali ulipo kwa kusikiliza setilaiti, na kutegemea programu za kwenye simu. Msomaji mmoja aliandika kwamba simu isiyo na mtandao haina tofauti na tofali, na kwamba anayeiamini porini anajitafutia msiba. Mwingine akamjibu kwa kejeli kwamba kifaa cha mkononi kimepitwa na wakati na mahali pake sasa ni makumbusho. Wa tatu, ambaye hakujibiwa na yeyote, aliuliza tu kama auze kifaa chake. Mimi nilitembea na kifaa cha mkononi kwa zaidi ya miaka 10 kabla sijahamia kwenye simu, na tangu nihame nimekosea vya kutosha kuwa na neno kwa kila mmoja wa hao watatu.

Wawili wa kwanza wamejikwaa kwenye kisiki kimoja. Wote wanachukulia kwamba kujua mahali ulipo na kuwa na ramani ya mahali hapo ni jambo moja, ndiyo maana mmoja anadhani mtandao ukikatika vyote vimepotea, na mwenzake anadhani maadamu simu ina GPS basi vyote vimo. Mahali ulipo hutoka angani, kwa setilaiti, na hakuna mnara wa simu unaohusika. Ramani hutoka kwa watu walioichora, nayo lazima iwe imeingia ndani ya simu kabla hujafika kusiko na minara.

Nianze na la angani, kwa kuwa ndilo linalopotoshwa zaidi. Setilaiti za GPS, ambazo mfumo hautakiwi kuwa nazo chini ya 24, huzunguka dunia katika kimo cha takriban kilomita 20,200, kila moja ikitangaza bila kukoma saa yake na mahali ilipo. Kipokezi, kiwe ndani ya simu au ndani ya kifaa maalumu, husikiliza matangazo hayo, hupima yametumia muda gani kufika, na kutokana na muda huo hukokotoa umbali kutoka kwa kila setilaiti. Setilaiti tatu zingetosha kama saa ya kipokezi ingelingana na saa za atomiki zilizoko kule juu. Kwa kuwa hailingani, huhitajika ya nne ya kuisahihisha. Katika kazi hiyo yote kipokezi hakitumi chochote. Ni sawa na kusikiliza redio: mtangazaji hajui nani anamsikia, na msikilizaji hahitaji kifurushi cha data ili asikie.

Mtandao huingia mahali pamoja tu, nako ni kuharakisha. Kabla ya kukokotoa, kipokezi kinahitaji taarifa za njia ambazo setilaiti zinapita angani, na setilaiti huzituma taarifa hizo polepole mno, kwa kasi ya biti 50 kwa sekunde. Taarifa za setilaiti moja huchukua kiasi cha sekunde 30 kupokewa, na orodha nzima ya setilaiti zote huchukua dakika 12 na nusu. Simu iliyo kwenye mtandao huikwepa foleni hiyo kwa kuzipakua taarifa kupitia mnara, ndiyo sababu mjini nukta ya bluu inayoonyesha mahali ulipo hujitokeza papo hapo. Mtu aliyezoea hivyo anapowasha simu bondeni, baada ya siku tatu bila mtandao, na nukta ikakawia dakika mbili au tatu, huamua kwamba imeharibika, akaizima, akaiwasha upya, na kwa kufanya hivyo akaianzishia kazi tena. Sisi wa vifaa vya mkononi tulikuwa tumezoea subira hiyo. Tulikiweka juu ya jiwe mahali peupe, tukafunga kamba za viatu, tukarudi kukisoma.

Kuhusu usahihi sitakaa sana, kwa sababu ubishi huo umekwisha. Wazee wa fani hii wanakumbuka kwamba hadi mwanzoni mwa Mei 2000 Marekani ilikuwa ikiyavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayotumiwa na raia, hata kipokezi bora kikaweza kukosea kwa mita 100, mpaka Rais Bill Clinton alipoamuru zoezi hilo likomeshwe. Leo serikali hiyohiyo inaeleza kwamba simu ya kawaida chini ya anga wazi hukosea kwa mita 4.9 hivi. Simu nyingi pia husikiliza mifumo mingine ya setilaiti ya aina hiyo, GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China, na tangu mwaka 2018 zimeanza kuuzwa simu zinazopokea masafa mawili kwa pamoja, jambo linalosaidia kutambua mawimbi yaliyogonga mwamba kabla ya kufika. Chini ya majabali na ndani ya msitu mnene vifaa vyote hutangatanga, cha bei kubwa na cha bei ndogo.

Niseme na hili, maana linamhusu yule wa makumbusho na pengine litamfurahisha. Mfumo wa GPS huhesabu wiki kwa biti 10, kwa hiyo hesabu ikitimiza wiki 1,024 hurudi sifuri. Ilirudi sifuri Agosti 1999, ikarudi tena usiku wa Aprili 6, 2019. Kifaa changu cha zamani, ambacho mtengenezaji wake alikuwa ameshaacha kukitolea masasisho, kiliamka siku iliyofuata kikidai kwamba tuko mwaka 1999. Mahali kilipataja sawasawa kama zamani, ila saa za jua kuchomoza na kutua zikawa za mwaka mwingine. Simu, kwa upande wake, huzeeka kwa namna ya peke yake: kipokezi kinabaki kizima, lakini programu ya ramani inafika siku ikakataa kufunguka kwenye mfumo wa zamani.

Sasa ramani, ambako ndiko watu wanakoumia.

Nilijifunza kwa aibu. Katika mojawapo ya safari zangu za mwanzo na simu, nikiwa bado nyumbani, nilifungua ramani ya eneo lote, nikaipitia kwa kidole tangu mwanzo wa njia hadi mwisho, nikaona mito, vilele na mistari ya kontua inayoonyesha miinuko, nikaridhika kwamba sasa imo ndani ya simu. Haikuwamo. Programu ilikuwa imehifadhi kwa muda vile vipande nilivyovitazama, tena kwa ukubwa uleule niliovitazama nao. Siku ya pili ya safari, katika njia panda yenye ukungu ambapo vijia vitatu viliachana, niliikuza ramani nione kijia cha kushoto kinaelekea wapi, na kioo kikajaa miraba ya kijivu. Nukta ya bluu ilikuwapo, imetulia katikati, na maelezo yake yakisema haikosei zaidi ya mita chache. Ilinionyesha kwa usahihi mkubwa mahali nilipo ndani ya ukurasa mtupu. Nilikitoa mkobani kile kifaa cha zamani, ambacho wenzangu walikuwa wamekicheka asubuhi, na ramani yake ya mistari michache, iliyokuwa kwenye kadi ya kumbukumbu tangu miaka mingi nyuma, ikanionyesha kwamba kijia cha kushoto kinaishia mtoni.

Waliohama kutoka kifaa cha mkononi ndio wanaonaswa zaidi na mtego huu, kwa sababu mazoea yetu yanatudanganya. Kifaa kile, ukishaweka kadi ya ramani, ramani imo, iwe unaitazama au huitazami. Simu hukuonyesha ramani ambayo haina, kwa kuichota mtandaoni kipande kwa kipande huku ukidhani unasoma iliyo yako. Isitoshe, ramani za picha hugawanywa katika vipande, na kila hatua moja ya kukuza huongeza idadi ya vipande mara 4. Ndiyo maana mtu anayepakua eneo kubwa kwa ukubwa wa mwisho hujikuta nafasi imejaa katikati ya upakuaji, na asiposoma ujumbe huondoka na nusu ya eneo. Rafiki niliyeongozana naye safari nyingine alikuwa amepakua kila kitu kama inavyotakiwa, lakini programu yake, ambayo sitaitaja, ilimtoa kwenye akaunti kwa sababu muda wa malipo ulikwisha usiku huo, na ili aingie tena ikamdai mtandao. Alikaa juu ya gogo akiisoma sentensi hiyo mara tatu.

Kipimo ninachokiamini hufanyika nyumbani, siku moja kabla ya safari. Iweke simu katika hali ya ndegeni, uizime kabisa, uiwashe, uifungue programu, kisha uende kwenye ramani hadi sehemu ile ya njia unayoihofia kuliko zote na uikuze hadi mwisho. Kama kijia kinaonekana pamoja na mistari ya kontua, ramani unayo. Katika simu nyingi za sasa hali ya ndegeni hunyamazisha mawasiliano ya minara bila kukizima kipokezi cha GPS, kwa hiyo toka nje ya nyumba uone pia kama nukta inajitokeza. Msomaji aliyezungumzia tofali akifanya hivi mara moja tu, nadhani ataiondoa hoja yake mwenyewe.

Ubora wa ramani zenyewe nao unahitaji neno. Programu nyingi za matembezi hutumia takwimu za OpenStreetMap, mradi ulioanzishwa Uingereza mwaka 2004 na Steve Coast, ambao watu wa kujitolea duniani kote huuchorea barabara, vijia, chemchemi na vibanda. Mimi ni mpenzi wa kazi hiyo, na katika maeneo kadhaa nimeikuta ikiwa na vijia ambavyo ramani rasmi iliyochapishwa haikuwahi kuvijua. Lakini mstari uliochorwa na mtu mmoja kutokana na picha ya angani unaweza kuwa njia ya wanyama, au kijia kilichomezwa na majani tangu miaka mitano nyuma, na kwenye kioo unafanana na mwingine wowote. Programu za ramani za magari ni mbaya zaidi kwa kazi hii, kwa kuwa zimetengenezwa kwa ajili ya barabara. Mteremko unaomshinda mtu kushuka huweza kuonekana humo kama eneo tupu la kijani, na wageni wengi huishia kuutegemea ukijani huo.

Wanaohama huuliza pia kuhusu alama za mahali walizokusanya kwenye vifaa vyao kwa miaka mingi. Habari njema ni kwamba zinahama nao: faili la GPX, muundo wa kuhifadhia alama na njia uliotolewa mwaka 2002, husomwa na vifaa vya mkononi na karibu kila programu ya matembezi, na namba zake zote huandikwa kwa kipimo kimoja cha dunia kiitwacho WGS84. Hatari iko kwa wanaonakili namba kwa kalamu. Kifaa cha zamani kikiwa kimepangwa kufuata kipimo cha ramani ya karatasi ya nchi fulani, alama inaweza kusogea kwa mamia ya mita ikihamishiwa kwenye simu, bila onyo lolote. Kuna na kosa la desimali, ambalo nimelishuhudia kwa watu makini. Katika namba za mahali digrii moja hugawanywa katika dakika 60, kwa hiyo dakika 30 ni nusu ya digrii, yaani 0.5; mtu akiziandika 0.30, amejipunguzia digrii 0.2, na kwa kuwa digrii moja ya latitudo ni takriban kilomita 111, amejisogeza kilomita 22. Kwa anayetafuta kambi hilo ni usumbufu, lakini kwa anayewasomea waokoaji namba hizo kupitia simu, maana yake ni kwamba watakwenda bonde jingine. Chagua muundo mmoja, wewe na wenzako wote, na mnaposoma namba mtaje neno “desimali” au “dakika” kwa sauti.

Betri ndiyo hoja ambayo wapinzani wa simu wanaiweza, nami siwapingi. Kifaa cha mkononi cha betri ndogo mbili za kawaida hufanya kazi saa 20 au zaidi, na zikiisha unaweka nyingine kwa nusu dakika. Simu hubeba betri ya lithiamu iliyofungiwa ndani, na baridi huifanya izubae: mimenyuko ya kemikali ndani yake hupungua kasi, nguvu ya umeme hushuka ghafla inapohitajika, na simu iliyokuwa ikionyesha asilimia 30 ikazimika. Kampuni ya Apple yenyewe inasema iPhone imeundwa kutumiwa kati ya nyuzi 0 na 35 za Selsiasi, na kilele cha mlima mrefu alfajiri hakijasoma maagizo hayo. Simu ikae mfuko wa ndani, karibu na mwili, na betri ya akiba ikae humo pia. Kinachoinyonya chaji kwanza ni mwanga wa kioo, na kinachofuata ni ile hangaika yake ya kutafuta minara isiyokuwapo. Kwa hali ya ndegeni na kioo kilichozimwa, simu yangu huvuka siku mbili za kutembea. Anayerekodi njia aangalie mpangilio wa kuokoa nishati, kwa sababu simu nyingi huizima programu inayofanya kazi chinichini bila kusema neno, na jioni unakuta mwendo wako wa saa tano umechorwa kwa mstari mmoja ulionyooka kama rula, umepita juu ya maporomoko.

Mvua na glavu sihitaji kuzieleza kwa yeyote aliyewahi kujaribu. Kioo cha simu huhisi chaji ya umeme ya kidole, na tone la maji nalo kwake ni kidole, kwa hiyo ramani huanza kujikuza na kujisogeza peke yake wakati uleule unapoihitaji. Vitufe vya kifaa cha mkononi hubonyezeka kwa mkono uliokufa ganzi, na kioo chake husomeka zaidi kadiri jua linavyokiwakia, mahali ambapo simu hulazimika kuongeza mwanga na kujichosha. Dira ya simu nayo ichukuliwe kwa tahadhari, hasa kwa wenye vifuniko vyenye sumaku. Dira ya kawaida, yenye sindano, ni nyepesi kuliko tofaa na haina cha kuchaji.

Pamoja na hayo yote, sababu iliyonifanya nisiache kabisa kifaa cha mkononi ni nyingine, na sikuiona ikitajwa na wachangiaji wenzangu. Simu ndiyo ramani, ndiyo kamera, ndiyo tochi ya usiku, ndiyo daftari, na ndiyo njia ya kuita msaada. Ikidondoka mtoni, vyote hivyo vinadondoka kwa mpigo mmoja. Kuna simu, kuanzia iPhone 14 mwishoni mwa mwaka 2022, zinazoweza kutuma ujumbe wa dharura moja kwa moja kwa setilaiti katika nchi ambako huduma hiyo imefunguliwa, na nimesikia watu wakisema kwamba jambo hilo limemaliza hoja. Mimi naona limeongeza uzito wake: chaji uliyoitumia kutazama ramani mchana kutwa ndiyo ileile utakayoihitaji usiku kumwelekeza mtu aje akuchukue.

Kwa hiyo, Ndugu Mhariri, nimrudie yule aliyeuliza kama auze kifaa chake. Ndugu, kama safari zako ni za siku moja, katika njia zinazopitiwa na watu, na hali ya hewa ni ya kueleweka, kiuze bila majuto. Simu yenye ramani iliyopakuliwa na betri ya akiba inakutosha, na kioo chake kikubwa utakipenda. Kama unalala njiani usiku mbili au zaidi, au unakwenda kwenye baridi kali, mvua za kutwa au mito ya kuvuka, usikiuze. Tumia simu kupanga na kutazama, na kifaa kirekodi njia na kuhifadhi alama za kurudia. Kama utakiuza, hamisha kwanza mafaili yako ya GPX, uyafungue kwenye simu, na utembee nayo safari mbili ukiwa na vifaa vyote viwili kabla hujamkabidhi mnunuzi.

Changu kimo mfuko wa juu wa mkoba, kimezimwa, betri zake mbili ziko kando katika kifuko cha plastiki zisije zikavujia ndani yake. Tarehe yake bado iko nyuma kwa wiki 1,024.

Wako,
Msomaji na mpanda milima wa siku nyingi